Ndugu wa Kigae Kimoja

"Bi Stumai, fanya haraka basi! Wali unapoa!"

Huyo ni Daktari Mfinanga, akinipigia kelele kutoka nyuma ya ukumbi huku kijiko kiko tayari mkononi. Mtu mzima, kichwa kizima mvi, daktari pekee wa Rutuba nzima, lakini akisikia harufu ya wali akili inamruka. Nikamjibu papo hapo, maana yeye ni wa B na mimi ni wa A, na mtani hawekewi jibu la kesho.

"Tulia wewe! Nyie B damu yenu nusu ni mafuta ya pilau!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wa O wakapiga makofi, wa AB wakapiga vigelegele, na wa B wakanizomea mpaka vumbi la kwenye paa likatikisika. Juu ya paa hilo upepo wa Mirihi ulikuwa ukisugua mchanga wake mwekundu kama kawaida. Sisi wa Rutuba hatuusikii tena. Jina lenyewe waanzilishi walilitoa kwa mzaha, maana udongo wa hapa hauoteshi hata magugu. Kila tunachokula tunakiotesha kwenye trei.

Mbele yangu, kwenye kigoda, alikaa Atupele na kidole amekinyoosha. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye vazi dogo la kutokea nje lililotundikwa ukutani. Kifuani mwa vazi hilo paliachwa nafasi tupu ya kushonea herufi ya damu yake. Hapa kwetu mtoto hatoki nje ya mlango mkubwa kabla damu yake haijajulikana, na damu haijulikani kabla ya Siku ya Kigae.

"Bibi, inauma?"

"Inauma kidogo kuliko maneno ya Mfinanga. Haya, tazama kule kwa mama yako."

Akatazama. Nikamchoma, naye hata hakushtuka, mtoto jasiri yule.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Ni kigae cheupe chenye vishimo vitatu. Unaweka tone la damu katika kila kishimo. Cha kwanza unakidondoshea tone la bluu, cha pili la njano, cha tatu lisilo na rangi. Unakoroga kwa kijiti, halafu unakitikisa kigae taratibu, huku na huku. Damu ikishikana vipunje vipunje penye bluu, kama maziwa yaliyokatika, mtu ni wa A. Ikishikana penye njano ni wa B. Ikishikana pote pawili ni AB, na pasiposhikana popote hapo ni O. Kishimo cha tatu ni cha kujua kama ni chanya au hasi. Matone yenyewe tunayakamua kwenye kuvu tunaoufuga maabara, maana kutoka Duniani hakifiki kitu kama hicho kikiwa kizima.

Wala damu yenyewe haifiki. Safari ni ndefu, mifuko ingeoza njiani. Kwa hiyo akiba yetu ya damu ni sisi wenyewe tunaotembea. Akiumia mtu wa A, wa A wanakimbia. Akiumia mtu wa O, ni wa O peke yao wanaoweza kumwokoa. Ndiyo maana kundi kwetu ni ukoo: lina rangi yake, nyimbo zake na watani zake. Na lina sheria moja ambayo haikuandikwa popote: ndugu wa kigae kimoja hawapimani. Ukiitwa unakaa kitini, mshipa kwa mshipa, na damu inakwenda. Anayetaka kwanza damu yako ichanganywe na ya mgonjwa ili aone kama zinapatana, huyo amekutukana. Ni kama kumwomba mjomba wako kitambulisho.

Nikakifunika kigae kwa kanga, kama ilivyo desturi. Mpimaji hutazama peke yake kwanza, kisha hufunua na kutaja kundi. Wa O walishaanza kuimba. Tena mtandio mweupe walishaushona, wenye tarizi, na aliyeushika ni Lwitiko, baba wa mtoto, fundi wetu wa pampu, meno yote nje. Yeye ni O, na mkewe Zuwena ni O, na O kwa O huzaa O. Hilo hata mtoto wa chekechea wa Rutuba atakuimbia.

Nikainua pindo la kanga, nikachungulia.

Penye njano damu ilikuwa imeshikana. Vipunje vizito, vyekundu, havina hata aibu. B.

Nilimtazama Zuwena pale mbele, mkono mmoja juu ya tumbo lake kubwa, anamtabasamia bintiye. Nikakifunika kigae upesi.

"Matone yamechacha," nikasema kwa sauti kubwa mno. "Tutarudia keshokutwa. Kuleni wali!"

Wimbo ukakatika katikati. Mfinanga peke yake hakugusa chakula, na hapo nikajua kwamba ameniona uso.

*

Alinifuata maabara akafunga mlango. Nikarudia kipimo kwa matone mapya mbele yake. B. Nikabadilisha kigae, nikarudia tena. B vilevile, kama kinanikomoa.

"Loo," akasema Mfinanga, akakaa.

"Loo nini? Sema kitu chenye maana, wewe si daktari?"

"Stumai, huyu mwanamke Alhamisi nampasua."

Kana kwamba sikujua! Kondo la nyuma la Zuwena lilikuwa limekaa chini, limeziba njia. Asingeweza kujifungua ila kwa kisu, na kwa kisu lazima damu nyingi itoke. Viti vya wa O vilishapangwa chumba cha pili. Lwitiko alijiandikisha wa kwanza.

"Ukifunua kigae kile," Mfinanga akaendelea, "hakuna atakayemtazama mtoto. Watamtazama mama yake. Watauliza ni B gani. Halafu wataanza kutuhesabu, na wanaume wazima wa B hapa si wengi. Mimi mwenyewe nimekaa na Zuwena kliniki miaka, akinisaidia. Unadhani watani watakosa la kusema?"

"Unajihurumia wewe au yeye?"

"Nawahurumia wote!" Akapandisha sauti, kisha akaishusha. "Akipata mshtuko, presha ikapanda, akaanza kutoka damu kabla sijajiandaa, nitampoteza yeye na mtoto. Ngoja ajifungue. Sema matone mabaya. Mpe mtoto O kwa sasa, hatoi damu mpaka awe mkubwa. Tutasahihisha pole pole."

"Na akisahau mtu kusahihisha? Siku moja huyu mtoto akamkalia kitini mtu wa O? Atamuua, Mfinanga, huku anaimbiwa."

"Nimesema kwa sasa."

Nitasema ukweli: maneno yake yaliniingia. Hayakuwa maneno ya mtu mbaya. Nilimpenda Zuwena kama mwanangu wa kumzaa, na kuinyamazia aibu ya mtu unayempenda ni jambo rahisi sana, tena linaonekana kama wema. Nilikiosha kile kigae, nikakikausha, nikakaa nacho mapajani. Moyo ukawa unanisuta. Damu ile haikuwa yangu, wala ya Mfinanga. Ilikuwa ya Zuwena na bintiye, na sisi wawili wazee tumejifungia chumbani tunaigawana.

"Nakwenda kumwambia," nikasema.

"Stumai!"

"Yeye peke yake. Si ukumbini. Lakini nakwenda."

*

Nilimkuta amekaa kitandani anamenya viazi vitamu, sahani juu ya tumbo kama meza.

"Shikamoo, Bi Stumai."

"Marahaba, mwanangu. Weka kisu chini kwanza."

Akacheka. "Hee, kuna nini cha kuwekea kisu chini?"

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema kigae cha Atupele kimetoa B, nimerudia, ni B. Alicheka tena kidogo, akidhani ni utani wa wa A. Halafu akaniangalia vizuri, na kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Kwa hiyo umekuja kuniuliza."

"Nimekuja kukwambia."

"Ni kulekule!" Kiazi kikaanguka sakafuni. "Wewe uliyenifunga kanga siku ya harusi yangu! Bi Stumai, mimi? Sijawahi. Hata kwa mawazo sijawahi. Kigae chako kikisema nimewahi, basi kigae chako kinasema uongo!"

Mlango ulikuwa wazi. Lwitiko alikuwa amesimama pale na mikono yake yenye grisi, na kwa uso wake nilijua kwamba amesikia yote.

Lwitiko alipita kati yetu bila neno akaenda kwenye bomba, akaanza kunawa. Alinawa vidole, akanawa viganja, akanawa mpaka viwiko, na maji ya Rutuba yana mgawo, lakini hakuna aliyemwambia funga. Zuwena alimtazama mgongo tu, machozi yanamshuka bila sauti.

Mwishowe akafunga bomba, akageuka.

"Zuwena?"

"Sijawahi, Lwitiko."

"Basi." Akavuta pumzi, na nikaona hiyo "basi" ilivyomgharimu. Akanigeukia mimi. "Umemsikia, mama. Mke wangu hajawahi. Sasa nieleze kigae chako kimepataje B."

Nilitaka kumjibu kwamba kigae hakidanganyi. Maneno yalishafika ulimini. Lakini nilimtazama Zuwena, nikasema moyoni: haya, tuseme huyu anasema kweli. Tuseme kweli tupu. Basi hiyo B imetoka wapi?

Nilipojiuliza hivyo ndipo nikakumbuka kitu nilichosoma zamani. Sikuwahi kujiuliza kabla. Mimi na Mfinanga wote wawili, na elimu yetu yote, tulikimbilia kwenye aibu kwanza.

"Lwitiko, mwanangu, nishikie huo mkoba wangu," nikasema. "Zuwena, nipe mkono. Nataka damu kidogo ya mshipani, si ya kidole."

"Ya nini?"

"Nitawaeleza huku nafanya."

Nikamtoa damu, nikaitia kwenye kichupa, nikakiweka kwenye kizungushio changu kidogo cha mkononi, nikawa nazungusha kama mtu anayesaga kahawa.

"Sikilizeni. Chembe ya damu ina ukuta, na kwenye ukuta kuna msumari. Sisi wa A tumetundika kofia yetu kwenye msumari. Wa B wametundika ya kwao. Nyie wa O hamna kofia, mmeuacha msumari mtupu. Kigae kinatafuta kofia tu. Kisipoiona kinasema O."

"Hilo tunajua," akasema Lwitiko.

"Tulia. Wako watu wachache mno, hata Duniani, waliozaliwa bila msumari. Kofia ya B wanaweza kuwa nayo, wameirithi kwa wazee wao, lakini hawana pa kuitundika. Kigae kinawaita O. Wanaishi maisha yao yote wanaitwa O. Wakizaa na mtu mwenye msumari, mtoto anachukua kofia kwa mama na msumari kwa baba."

Zuwena alishaacha kulia. "Na mtoto anatoka B."

"Anatoka B, na mama yake ni mke mwema tu."

Lwitiko akaanza kutabasamu, lakini mimi sikuweza, maana mimi nilijua kilichobaki. Kile kichupa kilikuwa kimejitenga: chembe nyekundu chini, maji ya njano juu. Nikavuta maji yale, nikayadondoshea kwenye kishimo cha kigae.

"Sasa nataka damu ya O ya mtu mwingine," nikasema. "Nichanganye na haya maji."

Wote wawili walijua ninachoomba.

"Ndugu wa kigae kimoja hawapimani," Zuwena akasema, taratibu, kwa mazoea tu.

"Leo watapimana."

Lwitiko akaninyooshea kidole kilichotakata. "Chukua yangu."

Nikamchoma. Tone lake likaanguka katika maji ya mkewe. Nikakoroga. Nikatikisa kigae huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikukifunika kwa kanga. Tulitazama watatu, vichwa vimegusana.

Damu ya O katika maji ya mtu wa O hukaa laini, kama rangi kwenye maji. Hii haikukaa. Ilishikana mara moja, ikakatika mabonge mabonge, kwa hasira kabisa.

"Maana yake nini?" Lwitiko akauliza, ingawa nadhani alishaona.

"Maana yake damu yake haijawahi kuuona msumari. Ikiuona inaushambulia. Si A tu, si B tu. Hata O."

"Hata yangu."

"Hata yako."

Akakaa sakafuni, palepale kwenye maganda ya viazi. "Mimi ndiye wa kwanza kitini Alhamisi," akasema. "Nimekula nyama ya maharage wiki nzima ili damu iwe nzuri. Nilikuwa naiweka kwa ajili yako, Zuwena. Nayo ndiyo ingekuua." Akalia kama mtoto, na Zuwena akateremka kitandani kwa shida na tumbo lake lote, akakaa naye pale chini. Nikaokota kigae na mkoba wangu nikatoka, nikawaachia chumba chao.

*

Nilipomwonyesha Mfinanga kigae kile, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nami nilisema tunyamaze," akasema. Mara ile moja sikumtania.

Kisha tukafanya kazi. Upasuaji ukasogezwa mbele kadiri mtoto alivyotuvumilia, Zuwena akilala kitandani na kulishwa kila chenye madini ya chuma Rutuba nzima. Tulimtoa damu yake mwenyewe, kidogo kidogo, tukaiweka kwenye baridi, na baridi ndiyo mali pekee ambayo Mirihi haitunyimi. Haikutosha, tulijua. Lwitiko ndiye aliyekuja na mashine ya kukamulia mwani, ameifungua yote mezani.

"Hii inatenganisha mwani na maji bila kuupasua," akasema. "Nikipunguza kasi, si itaosha damu? Itakayomwagika Mfinanga aifyonze, mashine iioshe, imrudie mwenyewe. Damu sina ya kumpa. Mikono ninayo."

Mfinanga akaitazama ile mashine, akanitazama mimi. "Huyu O ana akili. Mama yake alikuwa B au nini?"

Siku moja kabla ya upasuaji tukafanya Siku ya Kigae upya. Wengi walinishauri ningoje. Zuwena ndiye aliyekataa, akaletwa ukumbini na kitanda chake. "Sitaki kulala usingizi wa daktari huku watu wananong'ona," alisema. "Funua."

Nikafunua. Njano. Niliona shingo zikigeuka, moja baada ya nyingine, kuelekea kwa Zuwena, halafu kwa Mfinanga, kama nilivyojua zitageuka. Nikainua kigae cha pili mbele yao, chenye damu ya Lwitiko na maji ya mkewe, nikawaeleza habari ya kofia na msumari mpaka mwisho. Wa O wa mbele wakakitazama, mmoja mmoja, wakajitazama mikono. Kila mmoja wao alikuwa na kiti chake katika chumba cha pili.

"Kwa hiyo," mtu mmoja wa AB akauliza kutoka nyuma, "Zuwena ni kundi gani? Watani zake ni akina nani?"

"Nyote!" Zuwena akajibu kutoka kitandani. "Mimi ni kundi la mtu mmoja, na nyote ni watani zangu. Nyie A mna kiburi, nyie B mna tamaa, nyie AB ni ombaomba, na nyie O mlitaka kuniua na nyimbo zenu!"

Sijawahi kusikia Rutuba ikicheka namna ile. Watu walicheka huku wanafuta macho. Mfinanga akamvisha Atupele mtandio wa njano, na Lwitiko akashika kiuno.

"Kumbe! Miaka yote hii namlea B nyumbani kwangu! Ndiyo maana wali hauishi sufuriani, unaisha kwenye sahani moja!"

"Baba!" Atupele akapiga kelele, lakini alishavaa kofia ya lile vazi la nje na sauti ikatokea ndani kama ya kwenye mtungi.

*

Damu ilitoka nyingi. Mfinanga alinyamaza muda wote alipokuwa akikata, naye si mtu wa kunyamaza. Tulizitumia chupa za akiba zote. Halafu tukaitegemea ile mashine ya mwani, Lwitiko amekaa kitako kando yake, sikio kwenye mfuniko, anasikiliza mzunguko wake kama anavyosikiliza pampu zake. Ilizunguka. Ilimrudishia mkewe damu yake mwenyewe, mbichi na nyekundu, mpaka Mfinanga akashona uzi wa mwisho na kusema sasa ana njaa.

Zuwena alipoamka mtoto alikuwa kifuani mwake, wa kiume, anakunja uso kama ana deni la mtu.

"Bi Stumai," akaniita kwa sauti nyembamba. "Ungenyamaza, ningekufa nikiwa mke mwema."

"Na mimi ningepika wali wa matanga huku nakusifu."

Akataka kucheka, mshono ukamkataza. "Mpime mtoto."

"Mtoto mchanga? Desturi ni mpaka aweze kuvaa..."

"Mpime. Umpime na baba yake pia. Nyumbani kwangu watu watapimana."

Basi nikachukua kigae. Nikamchoma kisigino kidogo kile, akanilalamikia hadi chumba cha pili. Bluu, njano, isiyo na rangi. Nikatikisa huku na huku, bila kanga. Penye bluu damu ilikaa laini. Penye njano ilikaa laini. Nikaipima kwa maji ya damu ya baba yake, nayo ikatulia; kwa maji ya mama yake ikashikana mabonge, kama ya Lwitiko siku ile.

"Kofia hana," nikasema. "Msumari anao. O."

Lwitiko alitia mkono ndani ya ovaroli yake iliyolowa, akatoa ule mtandio mweupe wa tarizi aliokuwa ameubeba tangu siku ile ya kwanza, akamfunika nao mwanawe.